Tabora: Mlango wa Halima na Ndoa Changa

Akina mama wenzangu, ukitaja Tabora mbele ya watu, wengi hukumbuka maembe, asali na shule. Wapo pia wanaokumbuka kwamba Mwalimu Julius Nyerere alisoma huko, na baadaye akarudi kufundisha huko huko. Yote hayo ni kweli. Lakini mimi niliyefika Tabora Oktoba mwaka jana kwa mafunzo ya akina mama wa kanisa, naomba niwaelezeni Tabora nyingine. Ni ile ya wanawake waliopita kwa miguu wakiwa na vyungu kichwani, na ile ya mke kijana aliyekuwa na miezi minne tu ndani ya ndoa. Nilijifunza kwao jambo moja juu ya nyumba zetu, nami nimeona si vema kukaa nalo peke yangu.

Njia ya wapagazi

Nilipanda treni Morogoro, kwenye ile reli ya zamani ya kati. Baada ya Dodoma unaendelea katika nchi kavu ya Ugogo. Unapita Saranda, ambako abiria huteremka kutafuta chakula, halafu Manyoni na Itigi. Hapo vichaka vinabana reli pande zote mbili, na kwa mwendo mrefu hakuna nyumba. Watu wa misafara ya zamani waliiogopa sana nchi hii iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi. Waliiita Mgunda Mkali, kwa sababu maji yalikuwa haba na aliyeishiwa nguvu hakuwa na mahali pa kuomba msaada.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo mizigo yote ilitembea juu ya mabega ya watu. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi, na kutoka hapo msafara uliweza kuendelea mpaka Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Wanyamwezi ndio waliosifika kwa upagazi. Mtu mmoja alibeba kilo 30 na zaidi. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa pia watumwa, na hilo hatuwezi kulifunika kwa sababu tu miembe ya barabarani inapendeza.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba wanawake nao walikuwa safarini. Wake wa wapagazi walifuatana na waume zao, wamebeba vyungu, mikeka, vyakula, na wengine mtoto mgongoni. Msafara uliposimama jioni mwanamume alitua mzigo wake akapumzika. Mwanamke naye alitua mzigo wake, akaenda kutafuta kuni na maji. Kwa hiyo katika misafara ile zilikuwamo ndoa, tena ndoa changa, na mambo ya ndoa changa yalitokea njiani kama yanavyotokea leo katika vyumba vya kupanga. Kuna vijana walioanza maisha yao ya pamoja hawana nyumba, wana chungu kimoja na moto wa kuni.

Tabora yenyewe ilikuwa kituo kikuu. Mahali pale, katika nchi ya Unyanyembe, wafanyabiashara Waarabu walikuwa na makazi waliyoyaita Kazeh. Wazungu Burton na Speke walifika hapo Novemba 1857. Huku misafara ilipumzika, ikabadilisha wapagazi na kununua chakula. Ukifika leo utaona mji mtulivu wenye barabara pana na vivuli vya miembe. Mwezi wa Oktoba joto lake ni kali, watu wote wanatazama juu wakingoja mvua.

Begi mlangoni

Mimi na mume wangu tulisimamia ndoa ya vijana wawili ambao sitawataja majina. Nanyi mnajua kazi ya msimamizi wa ndoa haiishi siku ya kukata keki. Binti amekulia Morogoro, alikuwa mwimbaji wa kwaya yetu, na ni fundi wa cherehani. Mume ni mwalimu, Mnyamwezi wa upande wa Urambo, kijana mpole asiye na maneno mengi. Wamepanga vyumba viwili Tabora, na wanaishi na mdogo wake wa kike, anayesoma kidato cha tatu.

Nilifika kwao siku ya Alhamisi jioni nikiwa na mchele na nazi sita za zawadi. Bibi harusi wetu sikumkuta. Wifi yake alinipokea mzigo, akaangalia chini. Baadaye nikamkuta kwa mama mmoja mzee wa kanisa, nyumba ya nne kutoka pale, begi lake likiwa karibu na mlango.

“Shikamoo, Mama,” akanisalimu, na machozi yakamtoka. “Jumatatu narudi na wewe Morogoro. Nimechoka.”

Mimi ni muuguzi. Katika kazi yangu, kabla ya kumpa mtu ushauri unamwuliza kwanza. Nikamwuliza, “Amekupiga?” Akasema hapana. “Anakutisha? Anakutukana? Anakunyima chakula au fedha ya matibabu?” Hapana. “Ana mwanamke mwingine?” Hapana, Mama. “Basi nieleze polepole.”

Akaeleza. Yeye amezoea kupika kwa nazi. Tabora nazi huletwa kutoka mbali na bei yake ni kubwa, mboga huungwa kwa karanga. Mume anapenda mlenda, na yeye mlenda hakuujua sawasawa. Siku ile aliamua kuupika kwa mara ya kwanza ili amfurahishe mumewe. Wifi akarudi shuleni na wenzake wawili, akafunua sufuria, akacheka. Akasema mbele ya wageni kwamba huo si mlenda, ni uji. Binti akaumia. Katika hasira akatoa neno lililokuwa limemkaa moyoni kwa wiki nzima: kwamba nyumba ile haina fedha ya nazi kwa sababu mshahara wote unakwenda kununua mbolea ya tumbaku ya kwao Urambo. Mume alikuwa anaingia mlangoni. Hakusikia habari za mlenda, alisikia hilo la mwisho tu. Akasema, “Wazazi wangu usiwaseme.” Akakaa kimya usiku kucha. Asubuhi alipokwenda kazini, binti akafunga begi.

Msomaji wangu, labda unatabasamu. Mlenda! Lakini nisikilize. Miaka yote niliyokaa na akina mama wodini na kanisani, sijaona mtu akisema ndoa yake ilianza kuharibika kwa jambo kubwa. Husema, “Ilianza kwa kitu kidogo, nikanyamaza, naye akanyamaza.” Tena katika mwaka wa kwanza mke ni mgeni mara tatu: mgeni kwa mume, mgeni kwa ndugu zake, na mara nyingine mgeni kwa mji. Yule binti, aliyekuwa akiimba mbele ya watu mia tatu, hapa alikuwa anakaa benchi la nyuma na hakuna aliyemjua jina. Sufuria ya mlenda ilikuwa kidogo tu ya yale aliyokuwa amebeba.

Sikumwambia rudi, wala sikumwambia tutaondoka wote. Nilimwambia tulale, na kwamba Jumamosi twende wote Kwihara.

Nyumba ya tembe

Kwihara ni mahali pa kama kilomita 6 kutoka Tabora mjini. Mafunzo yalipokwisha saa sita mchana, akina mama wenyeji walitupakia kwenye bajaji tatu tukaenda. Pana nyumba ya tembe iliyojengwa upya na kutunzwa kama makumbusho. Ina kuta nene za udongo, paa tambarare, na uwanja katikati. Ukitoka juani ukaingia ndani, unajisikia kama mtu aliyewekewa kitambaa cha maji baridi usoni.

Nyumba hiyo inakumbukwa kwa sababu ya David Livingstone. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Ujiji, mgonjwa na mwenye upungufu wa vitu. Wakaja pamoja mpaka Unyanyembe, wakafika Februari 1872. Stanley akaondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi ili amtafutie wapagazi na kuwatuma. Livingstone akabaki Kwihara akiwangoja hadi 25 Agosti 1872. Wakati huo alikuwa mjane. Mke wake, Mary, alikufa kwa homa kando ya Mto Zambezi mwaka 1862. Basi mzee huyu mjane alikaa miezi hiyo yote na watu wake, wake kwa waume, na katika kumbukumbu zake za kila siku aliandika pia mambo ya nyumbani. Kitabu cha kumbukumbu hizo kilichapishwa mwaka 1874, baada ya kifo chake. Ndani yake wamo wanawake wawili ambao nilitaka binti yetu awafahamu.

Wa kwanza anaitwa Ntaoeka. Alikuwa mwanamke mwenye umbo zuri, hana mume, na Livingstone aliona si vema akae hivyo katika msafara. Akamshauri achague mmoja kati ya vijana wake watatu: Chuma, Gardner au Mabruki. Ntaoeka akacheka tu. Wawili hawakumvutia kwa sura, na Chuma alijulikana kwa uvivu. Huyu Chuma ndiye aliyekombolewa kutoka utumwani akiwa mtoto, mwaka 1861, na baadaye akasomeshwa na wamisionari huko Bombay. Aliposikia analaumiwa akakubali kosa, akatoa na sababu: alikuwa mvivu kwa kuwa hana mke, na akioa atabadilika!

Hapo akina mama wote tulicheka mpaka mlinzi wa makumbusho akachungulia. Ni nani kati yetu hajamsikia mama mkwe akisema, “Mwanangu akioa atatulia”? Lakini sikilizeni mwisho wake. Wanawake wengine wa msafara nao walitaka Ntaoeka aolewe, akasemeshwa tena, akakubali. Katika maneno yanayofuata, anayesifiwa kuamka wa kwanza asubuhi za baridi, kuwasha moto, kuchemsha maji, kutwanga, kuteka maji, kuleta kuni, kufagia na kupika, si Chuma. Ni bibi harusi.

Mama mmoja wa Tabora akasema, “Basi aliyebadilika ni mke.” Tukanyamaza kidogo, maana neno lile lilikuwa kweli kwa wengi.

Halima nje ya mlango

Wa pili anaitwa Halima. Yeye alikuwa mpishi, mke wa Amoda, mmoja wa watu wa zamani wa Livingstone. Livingstone alimpata kutoka kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, na kwa sheria ya wakati ule alikuwa bado mtumwa. Anamsifu sana: mwerevu, mwangalifu, haibi, wala hamruhusu mume wake aibe. Ndiye aliyeifanya nyumba iende.

Halima na Ntaoeka wakagombana. Kitabu hakielezi sababu, lakini mtu yeyote aliyewahi kuishi nyumba yenye jiko moja na wanawake wawili anaweza kukisia. Mmoja ni mwenye jiko wa siku nyingi, mwingine ni mke mpya anayeamka kabla yake na kuwasha moto. Halima akakimbia. Livingstone akaenda kwa jirani yake Sultan bin Ali, akatuma barua imfuate.

Lakini Halima alirudi mwenyewe, kwa hiari yake. Akafika mpaka nyumbani, akasimama nje, hakuingia. Alitaka kitu kimoja tu: yule mzee atoke nje amwambie ingia. Mzee akatoka, akamwambia aingie na wasigombane tena. Kisha akampa nguo ya kujifunika kwa baridi, ili ajue kwamba hana kinyongo naye. Na aliandika kwamba atampa uhuru wake, na watakapofika Unguja atamnunulia nyumba na bustani.

Binti yetu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, anasikiliza. Akauliza, “Mama, kama alikuwa amesharudi, kwa nini hakuingia tu?”

Aliyemjibu ni yule mama mzee aliyempa malazi. Akasema, “Aibu, mwanangu. Mguu unaweza kurudi kabla ya uso.”

Binti hakusema neno tena mpaka tuliporudi mjini.

Naomba hapa niwe mkweli, nisije nikafanya hadithi hii kuwa tamu kupita kiasi. Halima hakuwa na kwake. Angekimbilia wapi katika nchi ile, mwanamke mtumwa, peke yake, mwaka 1872? Kurudi kwake hakukuwa uchaguzi kamili. Na Ntaoeka aliolewa kwa kushawishiwa na watu waliotaka utulivu wao. Msichana wa leo asisukumwe hivyo, hata na watu wa kanisani wenye nia njema. Ninachokichukua kwao ni kile kitendo cha mlangoni. Aliyekimbia alirudi nusu ya njia. Aliyebaki akatoka nje kumaliza nusu iliyobaki. Tena aliyetoka alikuwa mkubwa, bwana wa nyumba, na hakuona cheo chake kinapungua.

Jioni ya Jumamosi

Kabla jua halijazama nilikwenda kwa mume peke yangu. Alikuwa anasahihisha madaftari. Wifi yupo jikoni, anasikia kila neno, nami nilijua anasikia.

Nikamwuliza, “Mwanangu, mkeo akija mpaka uani, utatoka?”

Akasema, “Mama, mimi sikumfukuza.”

“Najua hukumfukuza. Nauliza kama utatoka.”

Akanyamaza, akaendelea kushika kalamu bila kuandika. Wanaume wengi, akina mama, hawakatai kupatana. Hawajui tu waweke wapi miguu yao.

Saa moja kasoro tukasikia sauti ya mama mzee nje, “Hodi wenyewe.” Binti alikuwa amesimama karibu na mwembe, begi mkononi, hatua kumi kutoka mlangoni. Hakuja zaidi. Aliyetoka kwanza hakuwa mume. Alikuwa yule wifi wa kidato cha tatu, bado na unga mikononi. Akamwendea, akalishika begi, akasema kwa sauti ndogo, “Wifi, karibu. Nimepika mlenda, na mimi wangu umeharibika.” Sijui kama kweli uliharibika au aliuharibu makusudi. Wote wawili wakaanza kucheka huku wanalia. Ndipo mume akatoka, akasimama mbele ya mkewe, akasema, “Karibu nyumbani. Tutazungumza habari za fedha kesho. Nitakuonyesha zote.”

Jumapili baada ya ibada walikaa mezani na daftari. Mimi nilikuwapo kwa kuombwa. Hapo kila mmoja alisikia asilolijua. Mke hakujua kwamba ada ya chuo cha ualimu cha mumewe ililipwa kwa tumbaku ya wazazi wake miaka yote ile. Zao hili hudai mbolea miezi mingi kabla halijaleta hata senti, na wazee sasa hawana nguvu ya kuhimili peke yao. Mume naye hakujua kwamba mkewe alikuwa amekataa kazi mbili za kushona kwa kukosa fedha ya nyuzi na bitana, akaona aibu kumwomba. Kwa hiyo wote wawili walikuwa na sababu nzuri, na wote walikuwa wamezificha.

Waliandika kiasi cha kwenda Urambo msimu huu, kiasi cha nyumba, na kiasi kidogo cha mtaji wa cherehani. Walikubaliana kwamba hakuna fedha itakayotumwa kwa ndugu wa upande wowote kabla haijaandikwa mle. Mambo mengine hayakwisha. Mume bado hapendi mazoezi ya kwaya yaishe usiku. Nazi bado ni ghali. Jumatatu nilipanda treni peke yangu.

“Bado tu?”

Liko jambo lingine aliloniambia binti tukiwa wawili, na naliandika kwa idhini yake, maana linawaumiza wengi. Kila Jumapili baada ya ibada mama fulani humtazama tumbo na kuuliza, “Bado tu?” Miezi minne tu! Akaanza kuogopa kwenda kanisani.

Akina mama, tuache swali hilo. Kwa kawaida, katika kila ndoa 10 za vijana wanaoishi pamoja bila kuzuia mimba, kama 8 hupata mimba ndani ya mwaka mmoja. Maana yake wengine huchukua miezi kumi au zaidi, nao ni wazima kabisa. Ukipita mwaka mzima, waende hospitali, na waende wawili. Chanzo kinaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote, na mume akipimwa mapema huokoa muda na machozi mengi. Mke mwenye umri wa miaka 35 au zaidi asingoje mwaka, aende baada ya miezi sita. Mke aliye na maumivu makali ya tumbo, uchafu usio wa kawaida, au hedhi isiyo na mpangilio, asingoje kabisa.

Anayetazamia mimba aanze mapema vidonge vya asidi ya foliki, alale ndani ya chandarua, na mara akihisi ana ujauzito aanze kliniki pamoja na mumewe ili wapime wote. Hayo ndiyo ya kumwuliza mke kijana, tena kwa faragha, kama yeye mwenyewe amefungua mlango wa mazungumzo.

Dogo na lisilo dogo

Nimeeleza ugomvi wa mlenda. Tafadhali mtu asichukue maneno haya kumrudisha mwanamke kwenye hatari. Nilimwuliza binti maswali yale ya kwanza kwa makusudi. Kama angejibu kwamba anapigwa, tusingekwenda Kwihara. Tungekwenda hospitali na polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, na ningeondoka naye. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba mume hana haki ya kumwadhibu mkewe kwa viboko, wala mke mumewe. Kipigo si jambo dogo la ndoa changa, hata kama ni kofi moja, hata kama baadaye ameomba radhi akilia. Vivyo hivyo vitisho, kunyimwa matibabu, na kufungiwa usionane na ndugu zako.

Lakini yaliyo madogo kweli yasiachwe yalale. Mtume Paulo aliwaonya Waefeso wasiache hasira ivuke machweo, naye alijua kwa nini. Hasira iliyolala inaamka na wenzake. Kwa wake wapya ninashauri hivi. Ukiona neno limekukaa moyoni siku tatu, litoe siku ya nne mkiwa wawili, kabla halijatoka lenyewe mbele ya wageni. Uliza kwanza kabla ya kulaumu: “Fedha hii imekwenda wapi?” ni bora kuliko “Fedha yetu unaimaliza.” Jifunze chakula kimoja cha kwao, naye ajifunze kimoja cha kwenu. Mpate rafiki mmoja mtu mzima kanisani, mwenye kifua cha kutunza siri.

Kwa mawifi na mama wakwe: yule msichana wa kidato cha tatu alituonyesha njia sisi wakubwa. Hakungoja kaka yake aamue. Hakungoja kuombwa radhi kwanza, ingawa naye aliumizwa kwa neno la mbolea. Alitoka na unga mikononi.

Ujumbe uliniijia kwa simu mwezi wa Januari. Wazazi wa Urambo walipitia Tabora na dumu la asali, wakalala siku mbili. Binti ameanza kuimba, si kwaya ya jioni bali kikundi cha akina mama cha Jumamosi mchana, ambacho mume hakina shida nacho. Nazi zile sita ziliisha siku nyingi. Amejifunza kuunga kisamvu kwa karanga, na anasema sasa akila cha nazi anaona kama kuna kitu kimepungua. Wifi amehamia bweni kwa ajili ya masomo, na binti anasema nyumba imekuwa kimya mno.

Dada msomaji, kama unaye binti, mkwe au jirani aliye katika mwaka wake wa kwanza wa ndoa, mtembelee mwezi huu. Usiende na hotuba. Nenda na kilo ya unga au mafungu mawili ya mboga, kaa jikoni umsaidie kuchambua, na umwache aanze yeye. Na kama yuko mtu aliyeondoka nyumbani kwako kwa hasira, sikiliza vizuri nje jioni. Huenda amesharudi, amesimama karibu na mwembe, anangoja sauti yako. Bwana awabariki.